Zamu ya Maji ya Baba

“Mimi nilipanda ngano!” alisema Jaivir. “Ngano shamba zima, kutoka mferejini mpaka barabarani. Sasa tazama hapo!”

“Naona haradali,” alijibu dada yake, Bimlesh. “Imechanua vizuri.”

“Usinichezee, dada. Mwambie baba yako aache.”

“Baba yangu? Kwani wewe ulizaliwa na trekta?”

Baba yao, aliyekufa mwaka juzi na maiti yake kuchomwa, kwa desturi yao, kando ya mfereji huohuo, alikuwa amesimama matopeni, jembe mkononi, kitambaa cha kiunoni amekikunja hadi magotini. Kila zamu yao ya maji ilipofika, alikuja. Aliziba upande wa mwanawe, akafungulia nusu ya mashariki, ambayo kisheria ilikuwa ya Bimlesh. Kila yalipofika maji yake, ngano iligeuka haradali. Alipokuwa hai alimpelekea binti yake debe la mafuta ya haradali kila mwaka, na alidhani yametosha badala ya shamba.

Ngano ya Jaivir ilikuwa imeanza kukauka ncha. Majirani walilalamika tu kwamba mzee anaacha maji yamwagike njiani.

Santro, mke wa Jaivir, alileta chai. Alipomkaribia mzee alivuta ushungi akafunika uso, kama impasavyo mke mbele ya baba mkwe, awe hai au asiwe hai. Akaiweka bilauri juu ya tuta. Mzee akanywa.

“Wifi,” alisema Santro kutoka ndani ya ushungi, “hakuna anayekufukuza. Wanawake wote hapa wamewaachia kaka zao mafungu yao ya shamba. Hata mimi kwetu niliacha. Nililia njia nzima, nikafika hapa nikapika.”

“Na nisipoacha?”

Jaivir hakumtazama. “Nirmal anaolewa baada ya mavuno. Mtafutieni mjomba mwingine wa kuja na nguo mlangoni.”

Nirmal alikuwa binti pekee wa Bimlesh. Bibi harusi ambaye mjomba wake hakufika na zawadi ya nguo siku ya harusi, wakwe humkumbusha jambo hilo mpaka anazeeka. Bimlesh aliwajua wawili wa aina hiyo. Mmoja alikuwa mama yake mzazi.

Alivua viatu, akaingia majini mpaka aliposimama baba yake.

“Baba, ulipokuwa hai nilikuomba. Unakumbuka ulinijibu nini?”

Mzee alitazama jembe.

“Ulisema shamba ni la mwanamume. Haya unayoyafanya leo ungeyasema siku ile, mbele ya watu, ukiwa na sauti.”

Akalichukua jembe. Mzee hakulishikilia. Bimlesh alichota tope, akaziba mlango wa maji wa upande wake, akalishindilia kwa kisigino. Kisha akalibomoa tuta la upande wa pili. Maji yakageuka, yakaingia kwenye ngano ya kaka yake.

“Kesho twende mjini nikaweke dole gumba kwenye hati ya kukuachia fungu langu,” alisema.

“Nitakuja kukuchukua kwa gari,” alisema Jaivir, kwa upole sasa. “Na nguo za Nirmal nitaleta nzuri, dada. Utaona.”

Bimlesh akamkabidhi jembe. Haradali ilikuwa tayari inarudi kuwa ngano, kuanzia kingoni. Mzee aliinama, akaanza kuchota maji kwa viganja, akiyapeleka upande wa mashariki. Mengi yalimponyoka njiani.

Santro aliokota bilauri.

“Twende, wifi. Mikate inapoa.”

Wakaenda kula.