Sepetu la Makaa

Sepetu lilikuwa jipya, karatasi ya bei ya duka ingali imebandikwa mpinini. Wekesa aliligeuzageuza mikononi.

"Hili la nini?"

"La picha, mzee," alisema Sheryl wa kamati ya sherehe ya kuwakumbuka wafanyakazi wa reli, akimnyooshea kola. "Simama kama unayetia makaa."

"Injini zetu zilichoma mafuta, mama. Miaka minane nimechochea moto, Mombasa hadi Voi, na makaa ya mawe sikuyagusa."

"Bila sepetu, watu watajuaje ulikuwa wa gari moshi?" Akacheka. "Wewe tabasamu tu."

Safu ya mbele, chini ya mabati ya stesheni ya zamani, Bi Mwanakhamis alikuwa ameketi wima, buibui limepigwa pasi. Alitoka Makadara kwa miguu. Wekesa alimwahidi kuwa leo jina la marehemu mumewe, dereva Abdulhalim, litasomwa pamoja na ya wenziwe.

"Abdulhalim simwoni kwenye orodha," Wekesa alisema.

"Huyo faili lake lina doa. Aliacha maji yakauke, boila ikapasuka. Kuna shahidi alitia sahihi."

Wekesa hakuhitaji kuonyeshwa sahihi hiyo. Kioo cha kupimia maji kilikuwa kibovu. Abdulhalim aliripoti mara tatu. Siku ya ajali alimsukuma Wekesa nje, akabaki na breki yake. Wiki moja baadaye wakubwa walileta karatasi iliyokwisha andikwa. Tia sahihi, walisema, au rudi kwenu ukalime. Vidole vya Wekesa vilikuwa bado kwenye bendeji.

"Shahidi ni mimi. Nilisema uongo."

Sheryl alimtazama. Kisha akatazama saa.

"Mzee, mgeni rasmi ameshafika. Hayo utaandika barua."

Majina yakasomwa. Kila moja lilipotajwa, Bi Mwanakhamis aliinuka kidogo kitini, akaketi tena. Likasomwa la mwisho. Wekesa, jukwaani, alifungua kinywa; bendi ikapiga.

Alipoteremka, Bi Mwanakhamis alikuwa akimngoja.

"Shemeji, masikio yangu haya yamekufa. Wamelisoma?"

Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Wamelisoma, shemeji."

"Alhamdulillahi. Miaka hamsini!" Akaishika mikono ya Wekesa yenye makovu, pamoja na sepetu, akailaza kifuani pake.

"Hapo hapo!" mpiga picha alipaza sauti. "Mzee, inua sepetu kidogo. Lionekane."

Wekesa akaliinua.