Mstari wa Kijani

Tangu mama azikwe, baba alikuwa akifunga karakana yake ya friji saa sita mchana na kwenda kwenye ukumbi wa mashine za karata. Alibeba kiasi kilekile cha fedha kila siku. Hakukopa, hakulewa, hakumpigia mtu kelele. Kikiisha, anarudi. Kwa kawaida kiliisha mnamo saa kumi, na muda si mrefu yeye na binti yake walikuwa mezani, wanakula bila maneno mengi. Kwa binti, mlo ule ndio pekee uliobaki wa kuitwa nyumbani.

Shangazi hakuona hivyo. "Kaka yangu anaisha huku tunamtazama," alimwambia jikoni, akimenya vitunguu kana kwamba vimemkosea. "Wewe ndiye msomi wa takwimu. Mwambie aache."

"Mimi nimwambie baba, shangazi?"

"Mimi nikimwambia, ananiuliza kama nimeshakunywa chai."

Binti hakuwa mtu wa kumwambia mtu chochote. Chuoni, akiwa na swali, alimwandikia mwalimu barua pepe huku mwalimu amesimama mbele yake. Kwa hiyo na hili aliamua kuliandika: programu ya kompyuta inayocheza mchezo wa baba.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mashine inakugawia karata tano. Unashika unazozitaka, unatupa zilizobaki, inakupa nyingine badala yake, mara moja tu. Jozi ya ghulamu, malkia, mfalme au ree inakurudishia ulichoweka, na mkono mzuri zaidi unalipa zaidi. Binti alikwenda ukumbini asubuhi, kabla baba hajafika, akanakili malipo yaliyoandikwa kwenye mashine. Mezani alimdadisi juu juu: ukipata hizi, unashika zipi? Na hizi? Kisha akaiacha kompyuta icheze mikono milioni moja kama baba, na mingine milioni moja kwa kuchagua bila kosa.

Jioni alimwonyesha baba mistari miwili ya fedha iliyobaki, mwekundu na wa kijani. Yote ilishuka.

Baba alivaa miwani. "Huyu mwekundu ndiye mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Naporomoka kama friji iliyosukumwa ngazini."

"Tazama na huyu wa kijani. Huyu hakosei hata mara moja, na bado anashuka. Mashine inabakiza chake."

"Naona." Kidole chake, chenye kovu la kuungua, kilifuata mstari wa kijani polepole hadi mwisho. "Ila huyu anachelewa."

"Anachelewa, lakini anafika kulekule."

"Basi nifundishe kuchelewa, Profesa."

Angeweza kukataa. Lakini baba alikuwa amevuta kiti karibu na chake, na tangu msiba hakuna aliyesogeza kiti karibu na cha mwenzake ila kwa kufagia.

Wiki zilizofuata baba hakwenda ukumbini kabisa. Walicheza nyumbani kwa kompyuta, bila fedha. Baba alikuwa na kosa moja sugu: akipata jozi ndogo, tuseme ya saba, na ree pembeni, alishika na ree.

"Jozi inataka mtu wa kuisindikiza," alijitetea.

"Ukimshika ree unabadilisha karata mbili badala ya tatu. Nafasi ya kupata saba nyingine inapungua."

"Kwa hiyo nimwache aende zake, bila hata kwaheri?"

"Bila kwaheri."

Baba alicheka mpaka akavua miwani. Binti alijifanya anakohoa ili apate sababu ya kufuta macho.

Shangazi alipowakuta alishika kiuno. "Nimekutuma umtoe, wewe unamfundisha kuogelea hukohuko!"

"Angalau anacheka, shangazi."

"Hata mimi nacheka. Niangalie."

Siku baba alipomaliza mazoezi yote bila programu kumkosoa, alimshika binti bega, akasema ahsante kama mteja aliyekabidhiwa kazi yake. Kesho yake saa sita alirudi ukumbini na kiasi kilekile.

Saa kumi hakuja. Saa kumi na mbili hakuja. Fedha iliyokuwa ikiisha mchana sasa ilifika jioni, kama mstari ulivyosema. Siku hiyo na zilizofuata, binti alifunika sahani ya baba na kula peke yake, hadi jioni moja aliposhindwa kumeza. Akavaa viatu.

Ukumbi ulikuwa na zulia lililochakaa na mwanga wa rangi rangi. Baba alikaa kwenye mashine ya mwisho, mgongo wima, akishika na kutupa bila kusita.

"Baba, chakula kinapoa."

"Fedha bado zipo, mama. Kula tu."

"Tukale wote."

Alibonyeza kitufe. "Pale mezani nasikia kijiko chako na changu," alisema bila kugeuka. "Basi. Hapa angalau kuna makelele."

Karata mpya zilitokea: malkia wawili, na nyingine zisizo na maana, mojawapo tatu ya pau.

"Wewe ungeshika zipi?" baba aliuliza, kwa mazoea ya nyumbani.

"Tatu ya pau," binti alisema. "Hiyo peke yake."

Mhudumu aliyekuwa akifuta mashine jirani aliangua kicheko. "Dada, utamfilisi mzee!"

Baba aligeuka. Alimtazama binti kwa muda, na binti hakuinamisha uso.

"Profesa."

"Tatu ya pau, baba."

Baba aliwatupa malkia wote wawili. Alipoteza. Mkono uliofuata akauliza tena, binti akataja karata mbaya kuliko zote, baba akashika hiyohiyo. Haikuchukua muda, fedha ikaisha. Walitembea hadi nyumbani wakiwa wameshikana mikono kama wanaovuka barabara. Binti akapasha chakula, baba akala chote, akaosha sahani yake mwenyewe.

"Kesho usinifuate, mwanangu," alisema akiwa bado ameelekea kwenye sinki. "Ukija, nitakusikiliza tena."

Kesho yake jioni, baba alipokuwa hajarudi, binti alienda. Kiti cha mashine ya mwisho kilikuwa kitupu.

"Mzee hajaonekana leo!" mhudumu alimpigia makofi. "Ameacha! Hongera, dada, umemweza."

Binti alishukuru, kwa kuwa hakujua namna ya kumkatisha mtu furaha. Akapita karakana: kufuli mlangoni, na friji ya mteja nje, haijaguswa. Alisimama hapo mpaka akatokea mwanamume asiyemjua, amebeba mkate. Akamsogelea.

"Samahani, kaka. Kuna ukumbi mwingine wa mashine hapa mjini?"

"Zipo nyingi tu," yule mtu alisema. "Unautaka upi?"