Dole Gumba la Baba

Fomu yangu ya maonyesho ya chuo imerudishwa mara ya tatu, na safari hii mwalimu wa upigaji picha ameitia kalamu nyekundu mpaka inatia huruma. Inauliza mambo mawili tu: umelelewa wapi, na unapenda kazi gani za sanaa. Nimejibu ukweli mtupu. Baba yangu ni fundi baiskeli, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni picha aliyompiga mama akicheka mlangoni, huku dole gumba lake baba limefunika kona ya juu. Sasa nidanganye kwamba nimelelewa makumbushoni?

Dole hilo limo katika kila picha ya nyumbani kwetu. Miaka nenda rudi tunapiga kelele, "Baba, dole!" Naye hujibu, "Nimeliona," kisha anabofya vilevile.

"Hii ni picha iliyoharibika," mwalimu ameniambia leo, akiigonga kwa kalamu. "Niandikie msanii wa kweli. Msanii huweka sahihi kwenye kazi yake. Hapa sahihi iko wapi?"

Nimechoka kubishana. Nimefungua faili langu pale mezani kwake, nikatoa barua ya mzazi ya kuniruhusu kujiunga na chuo, nikailaza kando ya picha. Baba hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Kwenye mstari wa sahihi, kwa wino wa bluu, lilikuwapo dole gumba lilelile.