Ubavu wa Kushoto

Kabla hakujapambazuka nilisikia kitanda kikilia taratibu. Mjukuu wangu Adhis alikuwa ameketi, mgongo ukutani, akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda kilima. Nilimwekea mto mgongoni. Binti yangu Nereah alianza hivyohivyo tulipoishi Kambi Muru, kule Kibera. Alikuwa msichana mdogo kama huyu. Nilimzika.

Asubuhi hiyo Mbula, daktari kijana anayetafiti mioyo ya watoto, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba hapa mtaani Kabiro. Zamu ilikuwa ya jirani yangu Nasambu, lakini alimleta kwangu kwanza.

Mbula alivua viatu mlangoni. Kile chombo cha kusikilizia alikipasha joto kiganjani kabla ya kukiweka kifuani pa mtoto.

"Bado ni baridi kama maji ya mtaro," Adhis akasema.

Tulicheka, mimi kidogo tu.

Adhis akiwa amelala chali, Mbula alisikiliza kwa muda, akasema hasikii kitu kibaya. Nilitaka kushukuru, nikakumbuka. Hata Nereah tuliambiwa hivyo. Daktari Gichuru alimsikiliza, akasema moyo ni mzima. Aliporudi kumwangalia alimlaza kwa ubavu wa kushoto, ndipo akasikia ugonjwa uliokuwa umejificha. Tulikuwa tumechelewa. Kwenye matanga alikuja akakaa nasi, daktari mzima, akiosha vikombe.

Mbula hakufunga mkoba wake.

"Sasa geuka, Adhis. Lalia ubavu wa kushoto."

Nilishika ukingo wa kitanda. Mbula alifumba macho. Nje mtu alikuwa akifua nguo, nikatamani aache, asizuie chochote kusikika.

Alipofumbua macho hakutabasamu. Aliketi, akanishika mkono, akaeleza kwamba kilango kimoja cha moyo hakifunguki vizuri. Tungeenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa zipo, na kilango chenyewe huweza kupanuliwa. Zaidi ya hapo hakuniahidi.

Nilimuuliza nani alimfundisha kumgeuza mtoto.

"Marehemu Daktari Gichuru, shosho. Alituambia sote, usiinuke kabla hujamgeuza. Alisema yeye alifunzwa na mtoto mmoja wa Kambi Muru. Jina hakuwahi kututajia. Akifika hapo alikuwa anashindwa kuendelea."

"Nereah," nikasema. "Anaitwa Nereah. Ni wangu."

Mbula alilirudia jina hilo polepole, kama anayeogopa kulidondosha. Kisha akambeba Adhis mgongoni hadi barabarani.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda chenye mito mirefu. Kila muuguzi aliyekuja upande wetu alinishtua. Jioni Mbula alipoaga, Adhis alimshika mkono wa shati.

"Kesho utakuja tena? Njoo. Lakini hiyo kitu uipashe joto vizuri."