Rufaa ya Mzee Springi

Ilani ilibandikwa getini Jumatatu asubuhi, kwa gundi nyingi utadhani geti lingekimbia. Manispaa ilimtuhumu baba kwa makosa mawili: kutupa taka kando ya barabara, na kurundika uwanjani kwake "takataka zinazoleta panya na kero kwa majirani". Alipewa siku kumi na nne aondoe kila kitu, pamoja na banda lake la kazi. Asipoondoa, gari lao lingekuja kusomba.

Baba alivaa miwani, akasoma yote kwa sauti ya chini, kisha akarudia neno moja.

"Takataka," alisema. Akavua miwani, akaingia bandani, na siku hiyo hakunywa chai.

Baba yangu ni fundi wa makochi. Mtaa mzima unamwita Mzee Springi, na waliomwita hivyo kwa utani walipokuwa watoto sasa wana watoto wao. Tangu mama afariki, banda ndilo linalomtoa kitandani. Watu wanalijua hilo, na wengine wanalitumia vibaya: kiti kikivunjika mguu, kabati likiliwa na mchwa, wanavileta alfajiri na mapema, wanavibwaga ukutani kwetu na kutoweka. Baba akiamka anaviona, anavihurumia, anaviburuta ndani kimoja kimoja. Siku hizi wanaleta hata masinki yaliyopasuka. Mtu mzima na akili zake anamletea fundi wa makochi sinki!

Sasa niseme lililo baya, nisije nikajifanya malaika. Aliyepiga simu manispaa ni mimi. Nilitaka waje wawakamate wanaotupa. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira zangu huwa hazina breki, nikaongeza kwamba baba naye amejaza takataka uwanjani, kwamba amezeeka, hajui tena cha kuweka na cha kutupa. Walikuja nikiwa kazini, wakapiga picha, wakamwandikia ilani baba, mwenye nyumba. Neno lililomnyima baba chai lilitoka kinywani mwangu.

Sikumwambia. Mimi ni karani wa shule, kuandika barua ndiyo kazi yangu, basi nikaandika ya rufaa. Nilieleza kuwa vitu vya nje si vyetu na vya ndani ni mali ya kazi. Ushahidi zaidi niliokuwa nao, ile simu yangu, niliukalia. Jumatatu iliyofuata wakajibu kuwa Alhamisi mkaguzi wa rufaa angekuja kujionea mwenyewe, na kila kitu kiachwe kama kilivyo kwenye picha.

"Baba, usisogeze chochote," nilimwambia. "Hata msumari."

"Sisogezi."

"Hasa lile kochi la nje. Ndilo liko kwenye picha zote."

"Mama, nimesikia," alijibu; ndivyo anavyoniita mimi binti yake.

Kochi lenyewe lilikuwa la watu watatu, kitambaa kimechanika, sponji limetokeza, mguu mmoja hakuna. Ubovu wake ndio uliokuwa tegemeo letu. Niliandika kwenye barua: fundi gani mwenye akili atupe kochi la hali ile mlangoni pake, awafukuze wateja?

Jumatano jioni nilipotoka kazini nilisimama barabarani nimeduwaa. Katikati ya masinki na mbao zilizooza palikuwa na kochi safi, miguu minne, limevikwa kitambaa cha kijani, mito imekung'utwa. Baba alikuwa amepiga magoti akimalizia pindo, sindano mdomoni.

"Baba! Umefanya nini?"

Akatoa sindano. "Ulisema nisisogeze. Sijalisogeza hata inchi."

"Huo ulikuwa ushahidi!"

"Ushahidi ulikuwa unaozeshwa na mvua." Akapapasa kitambaa. "Siku tatu napita hapa natazama pembeni. Ningefanyaje, mama? Springi zake bado nzima kabisa."

Nilicheka pale barabarani, sikuweza kujizuia. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango wa chumba changu, nikalia.

Alhamisi mkaguzi akaja, mama wa makamo mwenye buti za mpira na faili kwapani. Akatazama picha, akatazama kochi, akarudia picha.

"Kochi ndilo hili?"

Nilifungua mdomo niseme silo. Baba akaniwahi.

"Ndilo. Nimelitengeneza jana."

"Basi ni lako, mzee."

"Lingekuwa langu," baba alisema kwa upole, "lisingefika hali ile."

Mkaguzi akauma midomo asicheke. Akaingia uwanjani, akakagua viti vilivyopangwa, magunia ya springi, sponji chini ya turubai. Akauliza habari za panya. Mwishowe akasimama mbele ya banda, akashusha pumzi.

"Mzee, mimi nakuamini. Lakini nina picha za taka nje ya ukuta wako, na taka moja umeishonea kitambaa. Bila ushahidi kwamba wanaotupa ni watu wengine, ilani inabaki ilivyo. Yupo jirani aliyeona? Kuna mtu yeyote aliyewahi kulalamika?"

Baba aliegemea nguzo ya banda, akaanza kuipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, mahali palepale.

"Mimi," nilisema. "Simu iliyowaleta ilikuwa yangu. Tafuta humo, lazima waliiandika."

Akapekua faili. Karatasi ilikuwa ya mwisho kabisa. Akaisoma kwa sauti: watu wasiojulikana hutupa vyombo vibovu ukutani kwetu, kila wiki, alfajiri. Hayo ndiyo yaliyotuokoa, nami nikaomba kimoyomoyo aishie hapo. Hakuishia. Akasoma na habari za mzee asiyejua cha kuweka na cha kutupa, na takataka zake, sauti ikizidi kupungua. Nilikodolea macho viatu vyangu.

Rufaa tulishinda palepale, kwa saini yake. Banda lingebaki, vitu viinuliwe kutoka chini, na taka za nje gari la manispaa lingezizoa kesho yake. "Ila hilo kochi liingizeni," alisema akiondoka. "Vijana wa gari hawachagui."

Tukabaki wawili. Nilingoja anigombeze; afadhali angenigombeza.

"Ulipiga lini?" aliuliza.

"Siku uliyoanguka na lile kabati."

Siku hiyo nilimkuta kando ya barabara amekaa chini, kabati limemlalia mguu, anacheka, ananiambia si kitu.

"Ungeniambia tu kwamba uliogopa."

"Niliogopa, baba. Nilidhani iko siku nitakukuta hapo nje umelala peke yako, na mimi niko kazini nagonga mihuri barua za watu. Nililosema halikuwa kweli. Nisamehe."

Baba akatoka nje, nikamfuata. Alilizunguka kochi, akainama, akashika upande mmoja tayari kuburuta, kama alivyoburuta maisha yake yote bila kumwita mtu. Kisha akaliachia, akanyoosha mgongo taratibu.

"Shika huko, mwanangu," alisema. "Peke yangu siwezi tena."

Sikuwahi kumsikia baba akisema hivyo. Nikashika.