Ng'ombe Waliojibu "Nipo"

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa ofisi ya kata kwa ajili ya ruzuku ya mitamba. Mimi ni mjane. Ukame wa mwaka jana uliniulia ng'ombe watatu, nikabaki na mmoja, Kahawa. Shemeji yangu Ndahani naye ameshajiandikisha kwamba mfugaji wa boma letu ni yeye, na kila boma hupewa mtamba mmoja tu.

Nyuma ya meza hakuna afisa. Imeketi fomu, imevaa miwani. Ndahani ameshafika, na Kahawa amesimama kando anatafuna pazia.

"Karibu, mama Nyemo," fomu inasema. "Sharti la kwanza: ng'ombe awe chini ya mwombaji."

Ndahani anampanda Kahawa mgongoni. Kahawa anajitikisa mara moja, Ndahani anaporomoka. Mimi navua kandambili, napanda juu ya meza. Fomu inanitazama, inamtazama ng'ombe aliye chini yangu, inaweka alama ya vema.

"La pili: mwombaji atambuliwe na ng'ombe."

"Huyu namjua," Kahawa anasema, akimwangalia Ndahani. "Huja sikukuu. Huuliza nina kilo ngapi."

"Na yule mama?"

"Yule alinibebea maji kutoka lambo tangu Agosti mpaka mvua iliponyesha. Nikimuuliza kama shingo inamuuma, ananidanganya."

Sasa tupo zizini kwangu. Sikushangaa, maana meza nayo ilikuja.

"La tatu," fomu inasema, na sauti inaishusha. "Mwombaji awe amefuga ng'ombe wasiopungua wanne."

Namhesabu Kahawa: mmoja. Ndahani anafunga vifungo vya koti lake kama mtu aliyemaliza shughuli.

Ndipo wanaingia wale watatu wa ukame: Chokaa mbele, Jivu nyuma yake, na ndama wa Jivu ambaye sikuwahi kumpa jina. Wamenenepa. Fomu inaita mmoja mmoja.

"Chokaa."

"Nipo."

"Jivu."

"Nipo."

"Ndama."

"Nipo," anasema ndama, kwa sauti nzito kuliko wote.

"Hao walikufa," Ndahani anasema. "Aliwafukia mwenyewe. Nilimwona."

"Ulimwona," Chokaa anasema, "na jembe ulikuwa nalo."

Fomu inajisoma mbele na nyuma. "Nimeandikwa 'awe amefuga'. Sikuandikwa wawe hai."

Inajipiga mhuri kifuani.

Ng'ombe wote wanne wanaingiza migongo chini ya meza, wananiinua nikiwa juu yake, wananizungusha kata nzima. Watu wanatoka madukani wananipungia. Ndahani anatangulia mbele akitufungulia njia, na haya hana.

Nikaamka kumekucha. Nikatoka hadi zizini. Kahawa alikuwa amesimama peke yake, anacheua. Kando yake vumbi lilikuwa limelaliwa mahali patatu, pawili papana na pamoja padogo. Nikaweka kiganja pale padogo, nikakuta bado pana joto.

Nikarudi ndani kuvaa. Ofisi ya kata hufunguliwa saa mbili, nami nilitaka kuwa wa kwanza.