Ratiba Kwenye Mlango wa Kabati

Mama mtunza stoo hakushindwa na kitu chochote ambacho kingeweza kubandikwa lebo. Katika ghala la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi, ukimwuliza misumari ya inchi mbili iko wapi alikujibu bila hata kugeuza shingo. Kwa hiyo bintiye alipoanza sekondari, alijiambia hii kazi imeletwa kwa fundi wake.

Binti mwenyewe walimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema mdomo wake haukuwa na likizo. Shule ya msingi alikuwa na chumba kimoja na mwalimu aliyemjua hadi kikohozi chake. Sasa ana masomo tisa, walimu tisa, na kila kengele ikilia watu wanahama chumba. Siku ya pili alirudi analia kwa kubeba madaftari yasiyotakiwa. Mama akamfuta machozi, akakunja mikono ya blauzi. Alibandika ratiba kwenye mlango wa kabati la nguo, akatia lebo kila kitabu, na kila asubuhi akawa anaupanga mkoba mwenyewe kwa mtindo wa ghalani, kinachotoka mwanzo kikae juu. Jioni aliukagua, kitabu kwa kitabu.

Sasa tuambiane, mtoto wa namna hiyo anachelewaje? Lakini wiki ya nne barua ilikuja: amechelewa mara tisa, na akichelewa tena atakaa nyumbani wiki mbili. Wiki mbili, kwa mtoto ambaye bado anatafuta chumba cha jiografia kilipo! Akirudi atakuwa mgeni upya, na mama alijua safari hii mtoto hatakubali tena kwenda.

Alikwenda kumwona mwalimu wa darasa. Mwalimu akamwuliza kwa upole kama kuna tatizo nyumbani, na upole huo ndio uliomchoma.

"Kwangu anatoka saa kumi na mbili na nusu," mama alijibu. "Mpaka hapa ni robo saa, tena kwa mwendo wa kuvuta miguu."

"Nasi tunaanza saa moja. Basi robo nyingine anaipeleka wapi, mama?"

Jioni alimkalisha Chiriku kitini. "Unapitia wapi asubuhi?"

"Sipitii popote."

"Kuna mtu unamsubiri? Kuna mtu anakusumbua njiani?"

"Hapana, mama."

"Sasa nikae hapa nikisie?"

Chiriku akatazama vidole vya miguu. Mama alitamani amtikise maneno yadondoke. Alimkasirikia mtoto, akamkasirikia mwalimu, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kupiga kelele. Chiriku akajitolea kwenda kutupa taka, kama alivyofanya kila jioni siku hizi, na mama akaona angalau hilo ni jema.

Asubuhi mlango ulipofungwa, mama alihesabu hadi ishirini, akatoka na viatu mkononi, akashuka ngazi kwa kunyata. Hakufika mbali. Chini ya ngazi, mbele ya kabati la mita za umeme, Chiriku alikuwa amepiga magoti na mkoba ameumwaga wote sakafuni. Alikuwa akitoa vitabu kabatini na kuficha humo vile alivyopangiwa. Mlango wa jirani ukalia. Akalifunga kabati, akajitia anafunga kamba za viatu, akangoja jirani apite polepole na ndoo yake, ndipo akaanza tena. Dakika zinakwenda.

"Unafanya nini?"

Chiriku aliganda. "Leo ni hesabu na sayansi. Umeniwekea historia."

"Ratiba inasema historia."

"Ratiba walibadilisha wiki ya pili, mama. Ile uliyobandika kwenye kabati la nguo ilikuwa ya muda. Vitabu vya kesho huwa navishusha jioni na taka, na nikirudi shule navibadilisha tena hapa kabla hujakagua."

"Na mimi hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ratiba unaijua kuliko walimu wangu."

Alisema kweli. Mama alikumbuka, alikuwa ameinamia mkoba na hakuinua hata kichwa.

"Ungeniambia tena."

"Ungekasirika tena."

Kukasirika alikasirika hapo hapo, ila hakupata wa kumlaumu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mkoba. Chiriku akauvuta upande wake. "Acha. Nitapanga mimi."

Mama akasimama pale, ameuma meno. Mtoto alitia hesabu chini kabisa, nayo ndiyo kipindi cha kwanza. Alikunja jalada la sayansi. Kalamu akazitupa humo ovyo. Kisha wakatimua mbio, wote wawili.

Getini mwalimu wa darasa alikuwa tayari amefungua daftari la wachelewaji. Saa moja na dakika mbili.

"Mwalimu, mimi ndiye ninayemchelewesha," mama alisema akihema.

"Leo?"

"Tangu wiki ya pili."

Mwalimu akalifunga daftari. "Ingia," akamwambia Chiriku.

Chiriku akaingia mbio, zipu ya mkoba iko wazi na kona ya kitabu imechomoza nje. Mama akafungua kinywa kumwita. Halafu akakifunga, na ghalani hakuwahi kubeba kitu kilichomchosha kama maneno aliyoyameza hapo.